Nyasi Zibaki Pale Penye Miguu

Ndugu mwenyekiti, waandaaji, mabibi na mabwana. Itifaki naomba ichukuliwe kuwa imezingatiwa, maana muda niliopewa ni mfupi na mambo ya bustani hayana ufupi.

Nimeombwa nizungumzie mbadala wa uwanja wa nyasi: mtu apande nini ili apumzike kumwagilia, kukata, kutia mbolea na kupiga dawa, na mazingira nayo yapate nafuu. Mimea nitaitaja, msiwe na wasiwasi. Lakini kabla ya mmea wa kwanza nina swali. Zile nyasi zilizo mbele ya nyumba yako, au pembeni mwa maegesho ya ofisini kwenu, nani anazikanyaga? Sikuuliza nani anazitazama. Nani anazikanyaga? Wengi wakijibu kwa ukweli watasema: anayekuja kuzikata. Basi.

Hilo ndilo swali nitakalolirudia leo hadi mnichoke.

Nyasi zenyewe sina ugomvi nazo. Hakuna mmea unaovumilia kukanyagwa, kuchezewa mpira na kukatwa kila mara kama nyasi, kwa sababu sehemu yake inayochipua iko chini kabisa, usawa wa udongo, mahali ambapo kisu cha mashine hakifiki. Ukoka unaweza kuupitishia harusi nzima na baada ya wiki mbili ukasimama tena. Penye watoto wanaocheza na penye watu wanaokaa jioni, nyasi ziachwe. Ubaya ni kwamba tumezitandaza hata kule ambako hakuna mguu unaofika, kisha tunazihudumia kana kwamba kuna mechi kila siku.

Mtindo huu una historia, nayo ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Katika karne ya 17, André Le Nôtre alipozipanga bustani za mfalme Louis XIV pale Versailles, alitandika ukanda mrefu wa nyasi ambao hadi leo unaitwa zulia la kijani. Karne iliyofuata, huko Uingereza, Lancelot Brown akawaletea mabwana wenye ardhi malisho ya kijani yanayoanzia mlangoni mwa jumba na kupotelea kwenye upeo wa macho. Siku hizo nyasi fupi zilitaka ama kondoo, ama kundi la vibarua wenye mafyekeo ya mpini mrefu. Kuwa nazo kulikuwa ni kutangaza: nina ardhi nyingi kiasi kwamba hii hapa siilimi kitu. Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa Gloucestershire, aliitazama mashine ya kiwandani iliyokuwa inanyoa manyoya ya juu kwenye vitambaa vya sufu, akatengeneza kama ile kwa ajili ya nyasi. Tangu hapo fahari ya mabwana ikaweza kusukumwa na mtu mmoja mwenye kipande kidogo cha ardhi, na sisi tukaipokea bila kuuliza ilikuwa ya kazi gani.

Ilienea kiasi gani? Marekani walijaribu kupima. Utafiti ulioongozwa na Cristina Milesi na kuchapishwa mwaka 2005, ukitumia takwimu za satelaiti, ulionyesha kwamba nyasi za nyumbani, za bustani za umma na za viwanja vya gofu zinachukua zaidi ya kilomita za mraba 120,000. Ni eneo takriban mara tatu ya zao lolote linalomwagiliwa nchini humo, mahindi yakiwemo. Yaani zao kubwa kuliko yote linalonyweshwa maji ni lile lisiloliwa na mtu wala ng'ombe.

Tuzungumzie maji, maana hapo ndipo mfuko unapotoboka kwanza. Hesabu yake ni rahisi, mtu yeyote anaweza kuifanya akiwa amesimama uani kwake. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Ushauri wa kawaida kwa nyasi za kunawiri wakati wa kiangazi ni takriban milimita 25 kwa wiki. Kwa hiyo uwanja wa mita 10 kwa 10 unakunywa lita 2,500 kila wiki. Chukua hiyo namba, izidishe kwa wiki za kiangazi za kwako, halafu ilinganishe na maji ambayo familia yako inatumia kunywa na kupikia. Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, linakadiria kwamba umwagiliaji wa bustani unachukua karibu theluthi moja ya maji yote ya majumbani huko, na kwamba sehemu inayofikia hata nusu ya maji hayo inapotea bure kwa jua, upepo, na mabomba yanayomwagilia barabara.

Mtu ataniambia, nyasi zangu zinakauka haraka kwa sababu udongo wa hapa ni mbaya. Inawezekana. Lakini nenda kachimbe kipande, chukua sepetu ukate kama kiganja kwa kiganja, ukigeuze. Kwenye nyasi zinazonyolewa hadi sentimita mbili na kumwagiliwa kidogokidogo kila jioni, utaona mkeka mwembamba wa mizizi, vidole viwili hivi, kisha udongo mtupu, mgumu. Mmea unaokatwa majani kila mara hauna cha kulishia mizizi mirefu. Na kwa nini uipeleke chini, wakati maji yanaletwa juu kila siku? Siku pampu ikiharibika, nyasi hizo hazina akiba. Zinageuka rangi ndani ya siku chache na mwenye nyumba anampigia simu mtu wa bustani kwa hasira.

Sasa mbolea na dawa. Hapa kuna kisa ninachokipenda. Zamani mchanganyiko wa mbegu za nyasi katika nchi za baridi ulikuwa na klova nyeupe ndani yake, makusudi kabisa. Klova ni jamii ya kunde. Ing'oe taratibu na udongo wake, uoshe mizizi kwenye ndoo, utaona vinundu vidogo kama punje. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, basi bakteria waliomo wako kazini, wanavuta naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mbolea ya bure, imo kwenye udongo, haina gunia. Miaka ya 1940 ikaja sokoni dawa iitwayo 2,4-D, inayoua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Iliua magugu, ikaua na klova. Haikuwezekana kuibagulia. Basi klova ikahamishiwa kwenye orodha ya magugu, na baada ya hapo watu wakaanza kununua naitrojeni ya gunia ili kuziba pengo lililoachwa na mmea waliouua wenyewe. Biashara nzuri hiyo, kwa muuzaji.

Na ile mbolea ya gunia haiishii kwenye jani. Sehemu yake husombwa na mvua hadi mitoni na ziwani, ambako hulisha mwani hadi samaki wakakosa hewa. Sehemu nyingine hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa gesi ya nitrasi oksidi, ambayo kwa uzito uleule hupasha dunia joto takriban mara 270 ya kabonidayoksaidi. Mashine za petroli nazo zina moshi wao. Jimbo la California limefikia kuagiza kwamba mashine nyingi mpya za bustani zinazotengenezwa kuanzia mwaka 2024 kwa soko lake zisitoe moshi kabisa. Kelele za asubuhi ya Jumapili sizitaji. Majirani wenyewe mnazijua.

Jambo la kutia moyo ni kwamba swali langu la miguu limeshaingia kwenye sheria. Mwaka 2021 jimbo la Nevada, lenye jangwa la Las Vegas, lilipitisha sheria inayotenganisha nyasi zenye kazi na nyasi zisizo na kazi. Viwanja vya michezo na bustani za watu kukaa vimeachwa. Lakini nyasi za mapambo tu, zile za katikati ya barabara, za mbele ya maofisi na za kuzunguka maegesho, hazitaruhusiwa kumwagiliwa kwa maji ya mto Colorado kuanzia mwaka 2027. Nyumba za familia moja moja hazikuguswa na katazo hilo. Naipenda sheria hiyo kwa sababu haikusema nyasi ni dhambi. Iliuliza zina kazi gani.

Sasa, mtu akishakubali kupunguza nyasi, hatua yake ya kwanza mara nyingi ni ya pupa. Anataka kitu kimoja kitakachofunika eneo lote palepale, kiwe kijani mwaka mzima, kisiguswe. Kwa maneno mengine anatafuta zulia jingine. Na wafanyabiashara wa mazulia wako tayari.

Kuna nyasi bandia. Zilipata umaarufu mwaka 1966 zilipowekwa kwenye uwanja wa Astrodome pale Houston, ndani ya paa, na huko ndani huenda zilikuwa na maana. Nje, kwenye jua kali, uso wa plastiki hupita nyuzi 60 za Selsiasi; mtoto hawezi kuukanyaga peku wala mbwa hawezi kulala juu yake. Inabidi umwagilie maji ili ipoe, jambo ambalo linachekesha kama siyo kuliza. Chini yake udongo unakufa, minyoo haipati majani ya kula, na plastiki yenyewe inachakaa na kumeguka vipande vidogo vinavyokwenda na mvua. Ikifika mwisho wa maisha yake, ni takataka ya kulipia kuiondoa. Mimi siipendekezi kwa nyumba yoyote, na hapo sitafuti maneno laini.

Kokoto tupu zimo kundi moja, ingawa kosa lake ni dogo kidogo. Zikimwagwa juu ya plastiki zinapendeza mwaka wa kwanza. Kisha vumbi na majani makavu yanajaa katikati ya mawe, mbegu zinaota humo, na kung'oa gugu kwenye kokoto ni kazi ya mchana kutwa. Joto la mchana zinalitunza hadi usiku na kulirudishia ukuta wa nyumba. Jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, lilizipiga marufuku bustani za kokoto mwaka 2020. Kokoto zikiwa na mimea ya ukame iliyopandwa kwa ukaribu, mawe yakiwa matandazo tu, hilo ni jambo tofauti na ni zuri.

Basi tufanyeje? Chukueni karatasi, mchore eneo lenu. Kwa wiki moja au mbili weka alama: hapa watoto wanacheza, hapa tunapita kwenda kufua, hapa gari linageuzwa, hapa ni kivuli cha mti kutwa nzima, hapa maji ya paa yanatuama, hapa hakuna anayefika. Ukimaliza utakuta eneo si moja, ni manne au matano yaliyokuwa yamefunikwa na nyasi za aina moja. Kila moja lina jibu lake.

Pale penye miguu mingi, nimesema, baki na nyasi, ila uzitunze kivivu zaidi. Pandisha kisu cha mashine. Kwa aina nyingi za nchi za baridi, sentimita 7 hadi 8 zinatosha; nyasi tambazi za nchi za joto zinaweza kukaa chini ya hapo. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Vipande vilivyokatwa viache papo hapo; vitaoza na kurudisha hadi robo ya naitrojeni ambayo uwanja unahitaji. Mwagilia mara chache lakini kwa kina, ili mizizi ifuate maji chini. Na kama unapanda upya, chagua aina inayokua taratibu. Zoysia, inayotoka Asia, hukua polepole na kusongamana hadi magugu yanakosa nafasi. Kwenye nyanda kavu za Amerika Kaskazini kuna nyasi za kienyeji, Bouteloua dactyloides, ambazo hata zisipokatwa kabisa husimama kwenye sentimita 10 hadi 20 tu.

Pale ambapo mtu anapita mara mojamoja, hapo ndipo mimea tambazi inapong'ara. Klova nyeupe kwa nchi zenye ubaridi na unyevu, peke yake au ikichanganywa na nyasi. Kwa nchi za joto kuna ndugu yake, Arachis pintoi, jamii ya karanga iliyokusanywa kwa mara ya kwanza Brazil mwaka 1954. Inatambaa, inatoa maua ya njano, inajitafutia naitrojeni yenyewe, na inavumilia kivuli cha miti. Haipendi jalidi. Hupandwa kwa vipandikizi: kata shina lenye vifundo vitatu au vinne, zika viwili, mwagilia hadi lishike. Kwenye jua kali na udongo usiotuamisha maji, thaimu inayotambaa ni nzuri sana, na ukiikanyaga inanukia. Dymondia margaretae ya Afrika Kusini hubana kama mkeka wa kijivu-kijani, jani lake jembamba likijikunja jua linapokuwa kali na kuonyesha upande wa chini mweupe. Na Phyla nodiflora, inayoota kwa asili sehemu nyingi za tropiki, huvumilia jua, maji yanayotuama na miguu ya kiasi, na vipepeo huifuata.

Tahadhari moja kwa wenye watoto: mimea hii ikitoa maua, nyuki watakuja. Ndiyo faida yake, lakini mtoto peku juu ya klova iliyochanua atachomwa. Pale wanapocheza, pitisha mashine maua yanapoanza. Kwingine waachie nyuki.

Kivulini chini ya mti mkubwa ndiko watu wanakopoteza fedha nyingi kuliko popote. Wanapanda nyasi, zinakonda, wanapanda tena. Mti unakunywa maji yote na jua halifiki; nyasi haziwezi kushinda vita hiyo. Acheni. Majani ya mti yenyewe yakidondoka yaachwe hapohapo yawe matandazo, sentimita tano hadi kumi, ila yasirundikwe kwenye shina kwa sababu gome litaoza. Unaweza kuchomeka humo mimea ya kivuli kama vile madole, au Ophiopogon japonicus ambayo inaonekana kama nyasi za kijani-kibichi kilichokolea lakini si nyasi, na haihitaji mashine. Na kama pana unyevu mwingi, angalieni kama kile kimea kifupi laini kinachofunika mawe na mizizi, Waingereza wanakiita moss, hakijaanza chenyewe. Wengi wanakikwangua wakidhani ni uchafu. Kwenye hekalu la Saihō-ji, mjini Kyoto, bustani nzima ni hicho tu, aina takriban 120, na watu wanaomba nafasi mapema ili waende kuiona. Hakina mizizi ya kweli, kinanywa kwa majani, hakidai mbolea. Kinadai jambo moja: kifagiliwe majani makavu yasikifunike.

Kwenye mteremko, mashine ya kukatia nyasi ni hatari na nyasi fupi hazishiki udongo vizuri. Panda mimea ya mashina mengi yenye mizizi ya kwenda chini. Vetiva ikipandwa kwa mistari ya kukinga mteremko, mizizi yake inaweza kufika mita tatu, na ile ya bustani haizai mbegu kwa hiyo haitoroki.

Pale maji ya paa yanapoteremkia, chimba beseni la wazi, la kina kifupi, umbali wa mita tatu au zaidi kutoka msingi wa nyumba, ulijaze mimea inayovumilia kulowa na kukauka. Najua mnawaza mbu. Mbu anahitaji takriban wiki nzima ndani ya maji kutoka yai hadi kuruka. Beseni lililochimbwa sawasawa hukauka ndani ya siku mbili. Kabla hujalichimba, jaribu: toboa shimo la sentimita 30, lijaze maji yanywee, lijaze tena, uangalie kesho yake. Likiwa bado na maji, udongo wako ni mfinyanzi mno, tafuta sehemu nyingine.

Linabaki lile eneo ambalo hakuna anayefika. Kwenye maeneo makubwa ndilo pana kuliko yote. Hapo napendekeza kitu kinachowatisha watu: maua ya porini na nyasi ndefu za asili ya mahali ulipo, zinazokatwa mara moja au mbili kwa mwaka. Kinyume na kule penye miguu, hapa yaliyokatwa lazima yaondolewe, kwa sababu yakioza yanarutubisha udongo, na udongo ukinona nyasi zenye nguvu hulimeza kila ua dhaifu. Maua mengi ya porini yanapenda udongo maskini. Msiyatilie samadi.

Ushahidi upo. Chuo cha King's pale Cambridge kilikuwa na uwanja wa nyasi maarufu uliotandikwa mwaka 1772. Mwaka 2019 waligeuza sehemu yake kuwa shamba la maua ya porini, sehemu nyingine wakaiacha ilivyo, kisha watafiti wakiongozwa na Cicely Marshall wakalinganisha. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba upande wa maua una aina za mimea, buibui na wadudu mara tatu zaidi; uzito wa wadudu na viumbe wengine wadogo ni mara 25; na hata popo walirekodiwa juu yake mara tatu zaidi. Ni ardhi ileile, jua lilelile, tofauti ni kisu. Hao wadudu nao si mapambo. Ndege wengi hulisha makinda kwa viwavi, na kuna ndege mdogo wa Amerika, asiyefika uzito wa barua, anayehitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kukuza kizazi kimoja.

Nikifika hapa huwa nasikia neno moja: nyoka. Ni hofu halali, siibezi. Nyoka anafuata panya na mahali pa kujificha. Rundo la mabanzi ya ukutani linamfaa kuliko maua. Hata hivyo acha ukanda mfupi wa mita moja na zaidi kuzunguka nyumba, na ukate njia pana ya kupita katikati, mtu aone anapoweka mguu. Njia hiyo ina faida ya pili. Joan Nassauer, msanifu wa mandhari, aliandika mwaka 1995 kwamba watu hukubali bustani yenye mimea mchanganyiko ikiwa wanaona dalili kwamba kuna mtu anaitunza: ukingo ulionyooka, njia safi, uzio mdogo. Kitu kilekile bila ukingo wanakiita kichaka. Kwa hiyo kabla jirani hajalalamika, nyoosha ukingo. Na msome kanuni za makazi yenu. Kwingine zinadai nyasi, kwingine zimeanza kulegezwa. Maryland mwaka 2021 ilizuia vyama vya wenye nyumba kumlazimisha mtu apande nyasi.

Sasa kuondoa nyasi zilizopo. Msilime, nawasihi. Jembe linaamsha mbegu za magugu zilizolala miaka, na ukoka ukiukatakata kila kipande kinakuwa mche. Kata nyasi chini kabisa, lowesha, tandika maboksi ya karatasi yaliyotolewa plasta na pini, yapishane kwa sentimita 15 kila ukingo, kwa sababu ukoka ukipata ufa wa upana wa kidole utapita. Lowesha tena hadi boksi lilegee. Juu mwaga matandazo ya vipande vya mti au mboji, sentimita 10 hadi 15. Baada ya miezi kadhaa nyasi zimekufa kwa giza, boksi limeliwa na minyoo, unatoboa na kupanda. Kwa ukoka sugu njia ya jua ni bora: mwagilia, funika kwa plastiki angavu, zika kingo, acha wiki nne hadi sita za joto kali kabisa la mwaka.

Anzeni na kona moja, ile mbaya kuliko zote, pale nyasi zinapokufa kila mwaka. Msing'oe uwanja mzima kwa mkupuo. Mwaka wa kwanza mtamwagilia na kupalilia karibu sawa na zamani, pengine zaidi, kwa sababu mche wa ukame bado ni mtoto na magugu yanaiona nafasi tupu. Anayewauzia bustani isiyohitaji mkono kuanzia siku ya kwanza anawadanganya. Nafuu inaanza mimea inapogusana na kufunga udongo, mara nyingi mwaka wa pili au wa tatu.

La mwisho, mkienda kununua miche. Sifa ya "inaenea haraka, haifi" isiwafurahishe mno. Sphagneticola trilobata, ile yenye majani mazito ya kung'aa na maua ya njano, imeuzwa duniani kote kama mmea bora wa kufunika ardhi. Leo imo kwenye orodha ya wavamizi 100 wabaya zaidi duniani, kwa sababu ilitoka bustanini ikaingia mabondeni na kuifunika mimea ya asili. Muulizeni muuzaji jina kamili la mmea, si la mtaani, kisha mwangalie kama mamlaka ya mimea ya kwenu imeupiga marufuku. Akishindwa kulitaja, nunua kwingine.

Nimeona mikono huko nyuma. Mwenyekiti, naomba tuanze na yule mama wa safu ya tatu, maana ameushika mche wake tangu nilipoanza na nadhani anataka kujua kama ndiyo huo.